Fundi Mkasi na Tundu la Kifungo

Asubuhi ya nyumba ile haikuanza kwa jogoo. Ilianza kwa mkasi. Krech, krech, krech. Kabla chai haijachemka, fundi alikuwa ameshasimama mbele ya meza yake ndefu, chaki sikioni, futi ya kupimia shingoni, anakata kitambaa kama mtu anayefukuzwa.

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini hata mkewe alikuwa ameliacha. Mtaa mzima ulimwita Mkasi. Alikata haraka, alikata sawasawa, na alijijua. Mtu akimsifu, alijibu, "Bado hujaniona nikiwa na haraka."

Kiwanda chake kilikuwa vyumba viwili vya mbele vya nyumba. Chumba cha kwanza kilikuwa na meza ya kukatia na cherehani tatu. Moja ya mkewe, mbili za wanawe wa kiume. Hao walishona mashati. Ukipita mlango mwembamba unaingia chumba cha pili. Humo alikaa dada yake Mkasi, ambaye watoto walimwita Shangazi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza matundu ya vifungo kwa mashine moja nzee. Nyuma yake kulikuwa na meza ya pasi. Hapo alisimama binti wa mwisho wa fundi, kitindamimba. Yeye alipiga pasi, akakunja, akafunga.

Juu ya mlango kulikuwa na kibao. Mkasi alikichora mwenyewe kwa rangi nyekundu: HAPA HAKUNA MIKONO MITUPU.

Na hakuwa anatania. Akisikia cherehani imenyamaza, aliita kutoka mezani kwake, "Nani amekufa huko?"

"Hakuna aliyekufa, baba. Nabadilisha uzi."

"Badilisha kwa kelele basi, nisikie!"

Kwa Mkasi, kelele ilikuwa ndiyo kazi. Vyumba vikinguruma, moyo wake ulitulia. Kitindamimba alilijua hilo vizuri. Alipokosa shati la kupiga pasi, alichukua lile alilokwisha kulipiga, akalipiga tena. Kuna shati moja lilipigwa pasi mara nyingi hadi kola ikaanza kung'aa kama kiatu.

Sasa, mwisho wa barabara yao ilikuwa imejengwa hospitali mpya. Metroni wa hospitali hiyo, yaani mkuu wa wauguzi, mama mrefu mwenye miwani na hatua ndefu, alimpa Mkasi kazi ya kushona mashati mia na hamsini ya wauguzi.

"Jumatatu, baada ya wiki ijayo, tunafungua milango," metroni alimwambia siku ya kuleta kitambaa. "Mashati nayataka Jumamosi kabla yake, saa sita mchana. Ukifanya vizuri, shuka, mapazia na sare zetu zote za baadaye utashona wewe. Ukichelewa, nakwenda kiwanda kikubwa kule ng'ambo ya barabara. Sina ugomvi na wewe, fundi. Nina wagonjwa."

Mkasi alicheka kwa mdomo tu. Kiwanda kikubwa kilikuwa kimeshamchukulia wateja wake wawili. Mwanawe wa pili alikuwa ameanza kuuliza, eti kwa mzaha tu, kama kiwanda kile kinaajiri. Kazi hii ikiponyoka, watoto wangekwenda kushonea watu wengine. Nyumba ingebaki na cherehani zilizofunikwa kitambaa.

Kwa hiyo Mkasi alifanya alichokijua. Alikata. Alikata asubuhi, akakata mchana. Mashati yaliyokatwa yalipanda juu ya meza, yakashuka chini ya meza, yakatambaa hadi kwenye kiti cha wageni. Wageni wakawa wanasimama.

Ijumaa ya wiki ya kwanza metroni alikuja kuangalia. Alikuta vyumba vinanguruma. Mkasi alimpokea kifua mbele.

"Karibu, metroni! Unaona mwenyewe. Hapa hatulali."

"Naona, fundi. Kazi imepamba moto." Metroni alitazama milima ya vitambaa. "Nionyeshe yaliyokwisha."

"Haya yote hapa..."

"Hayo yamekatwa. Mimi nauliza yaliyokwisha. Ambayo muuguzi anaweza kuvaa akaingia kazini."

Hata cherehani zilipunguza sauti ili kusikiliza. Kitindamimba alitoka chumba cha pili na rundo dogo. Alilibeba kwa mkono mmoja, na mkono wa pili alikuwa ameshika kikombe.

Metroni alivaa shati moja juu ya gauni lake. Likamkaa vizuri. Akatoa kalamu, akaitia mfukoni. Halafu akainama, kama anayemtazama mgonjwa kitandani. Kalamu ikaruka, ikaanguka sakafuni.

Aliiokota, akairudisha, akainama tena. Kalamu ikaanguka tena.

"Fundi," alisema polepole, "muuguzi anainama siku nzima. Kalamu hii itamwangukia mgonjwa jichoni. Mfuko ni mfupi. Umekata mingapi hivi?"

Mkasi aliitazama kalamu sakafuni. "Yote, metroni."

"Yote mia na hamsini?"

"Nilitaka tuwe mbele."

Metroni alivua shati, akalikunja taratibu. "Jumamosi ijayo, fundi. Saa sita," alisema, na hatua zake ndefu zikamtoa nje.

Hapo ndipo vita vilipoanza ndani ya nyumba. Mkasi aliingia chumba cha pili kama upepo. Mbele ya mashine ya Shangazi kulikuwa na mlima wa mashati yaliyoshonwa, yanasubiri matundu. Nyuma yake, meza ya pasi ilikuwa tupu.

"Dada! Tazama! Watu wote wanakimbia, wewe umekaa na mlima. Wewe ndiye unayetuangusha. Konokono gani huyu jamani?"

Shangazi aliondoa mguu kwenye kanyagio. Alikuwa mkubwa kwa Mkasi, na hakuwa na haraka ya kujibu.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nimekufuta kamasi wewe, kwa hiyo nisikilize. Nani anatengeneza matundu humu?"

"Wewe."

"Nani anashona vifungo kwa mkono?"

"Wewe."

"Mteja akigonga mlango, nani anainuka? Uzi ukiisha, nani anakwenda dukani? Chai unayokunywa hapo mezani kwako inajichemsha yenyewe? Kama mimi ni konokono, basi mmenibebesha nyumba nzima mgongoni. Njooni muishushe!"

Akavua aproni, akaitupa juu ya mashine. "Naenda kukaa nje. Mikono mitupu."

Mkasi alirudi mezani kwake akiwa amefura. Na mtu aliyefura hafikiri. Alichukua jora jingine, akakata mifuko mipya, mirefu, ya mashati yote, haraka haraka. Kiwiko kikagusa mlima wa kwanza. Mlima wa kwanza ukauegemea wa pili. Yote miwili ikaporomoka. Mikono ya mashati makubwa ikalala na migongo ya mashati madogo. Kola zikaingia chini ya cherehani.

Katikati ya vumbi hilo, sauti ikasikika mlangoni.

"Hodi! Shikamoo baba. Nimekuja wakati mbaya?"

Alikuwa mkaza mwana wake, mke wa mwanawe mkubwa. Alifanya kazi mji wa jirani, katika kiwanda cha maji ya matunda. Huko alikuwa msimamizi wa zamu. Alikuwa amepata likizo, na begi lilikuwa bado begani.

"Marahaba, mwanangu," Mkasi alijibu kutoka chini ya meza. "Karibu. Tafuta pa kukanyaga."

Asubuhi ya Jumamosi, mkaza mwana alizunguka vyumba vyote viwili. Alitazama tu, mikono nyuma, kama mkaguzi. Mwisho alisimama karibu na baba mkwe wake. Mkasi alikuwa anafanya kazi yake ya kila Jumamosi, kumimina mafuta ya cherehani kutoka kopo kubwa kwenda chupa ndogo, kwa faneli.

"Baba, naomba nikuulize swali la kijinga."

"Uliza. Wiki hii majinga yote ni yangu."

"Mbona unamimina polepole hivyo? Wewe si mtu wa haraka?"

"Nikiharakisha itafurika, mwanangu. Faneli juu ni pana, chini tundu dogo. Mafuta hayapiti kwa kasi ya kopo. Yanapita kwa kasi ya tundu."

"Na ukimimina haraka zaidi?"

"Yatajaa, yatamwagika, yataniharibia suruali. Chupa haitajaa mapema hata kidogo. Hilo nalo ni la kuuliza?"

Mkaza mwana alitabasamu. Aligeuka, akatazama milima ya vitambaa sakafuni. Halafu akautazama mlango mwembamba wa chumba cha pili, kule mashine moja nzee ilikokaa.

Mkasi alifuata macho yake. Mafuta yalianza kumwagika juu ya kiatu chake, na hakuona.

"Aa," alisema.

"Kwa siku moja, baba, wewe unaweza kukata mashati mangapi?"

"Sitini. Nikiwa na haraka, zaidi."

"Mama na wanao wanashona mangapi?"

"Thelathini."

"Shangazi anatoa mangapi?"

"Kumi na tano," Mkasi alisema, na kwa mara ya kwanza hakusema kwa hasira.

"Basi kiwanda hiki kinatoa mashati mangapi kwa siku?"

Mwanawe wa pili, aliyekuwa anaokota kola, alidakia, "Sitini!"

"Wewe nyamaza, uokote," mkewe Mkasi alisema kutoka kwenye cherehani yake. "Ni kumi na tano. Mteja havai shati lisilo na matundu."

"Umesema kweli, mama," mkaza mwana alisema. "Hata kwetu kiwandani ilikuwa hivyo. Chupa zinaoshwa, zinajazwa, zinafungwa vizibo. Mashine ya vizibo ilikuwa ya polepole. Mimi na ujanja wangu nikaagiza mashine ya kujaza iongezwe kasi. Nilifikiri nitapewa zawadi. Chupa zilijazana mbele ya vizibo, zikaanguka, zikapasuka. Tulipiga deki maji ya maembe hadi saa ya kwenda nyumbani. Inzi wote wa mji walinijua kwa sura. Siku hiyo ndiyo niliyojifunza. Kila kazi ya hatua nyingi ina mahali pembamba. Kazi nzima inakwenda kwa kasi ya hapo, haijalishi wengine wanakimbiaje."

"Na mtu anapajuaje?" mkewe Mkasi aliuliza.

"Tafuta rundo. Mbele ya mahali pembamba kuna mlima. Nyuma yake kuna mtu anayesubiri."

Kitindamimba aliinua pasi yake juu. "Mimi hapa! Shati hili nimelipiga pasi tangu Jumanne!"

Watu wakacheka, hata Mkasi. Lakini alikuwa bado na karata moja.

"Sawa. Lakini mimi nina akiba. Kuna muuzaji ananiletea mashine ya kukatia ya umeme. Inakata matabaka mengi kwa mkupuo. Tukiinunua leo, si tutapata nguvu?"

"Baba, ikishakata, nguo zinakwenda wapi?"

Mkasi aligeuka. Akatazama mlima.

"Na jambo lingine," mkaza mwana aliendelea kwa sauti ya chini, ya heshima. "Ile mifuko. Tungemaliza shati moja tu siku ya kwanza, tukampelekea metroni, angeinama, kalamu ingeanguka, ungerekebisha mfuko mmoja. Rundo linaficha makosa, baba. Kosa likikaa chini ya mlima, linazaana."

Hilo lilimchoma. Alifuta kiatu chake kwa kitambaa chakavu. Kisha akasema, "Haya, msimamizi. Nifanye nini?"

Mkaza mwana alivuta pumzi. Sehemu hii ndiyo iliyomtisha. "Naomba uweke mkasi chini."

"Kwa muda gani?"

"Hadi Shangazi akuite."

Ungemwambia avue suruali sokoni, asingeshtuka vile. "Mimi? Nikae? Chini ya kibao changu mwenyewe?"

"Hutakaa sana, baba. Kuna mambo mengi ya kumpunguzia Shangazi."

Mkasi aliichukua aproni iliyokuwa juu ya mashine, akatoka nje. Shangazi alikuwa kwenye ngazi, anakula karanga.

"Dada," alisema.

"Konokono yuko likizo."

"Dada, nimekosa. Nyumba tuliyokubebesha nakuja kuishusha. Wewe rudi kwenye mashine. Humu ndani tutakwenda kwa mwendo wako."

Shangazi alitafuna karanga moja taratibu mno, kwa makusudi. "Na mkasi wako?"

Mkasi aliutoa mfukoni. Shangazi akaupokea, akavaa aproni yake, akautia kwenye mfuko wake. "Utaupata nikiutaka," alisema, na ilionekana wazi kwamba alikuwa anafurahia kila neno.

Jumamosi na Jumapili walitenga saizi na kubandua mifuko mifupi kwenye mashati yote yaliyokwisha kushonwa, hata yale machache ya kitindamimba. Shati moja lilitengenezwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, mfuko mrefu na vifungo vyote. Mkasi alilipeleka mwenyewe hospitalini. Metroni alitia kalamu, akainama, akatikisa mabega. Kalamu ilikaa.

"Hili sawa," alisema. "Moja. Bado mia na arobaini na tisa, fundi."

Jumatatu kazi ilianza upya. Mkaza mwana aliweka kikapu kimoja mbele ya Shangazi. Kikapu kilipokea mashati manane tu. Kikijaa, washonaji waache cherehani zao wamsaidie yeye. Kikipungua, warudi kushona. Hakuna mlima tena.

Halafu wakaanza kumpunguzia. Mkewe Mkasi alichora alama za matundu kwa chaki, ili Shangazi asipime. Wanawe walikagua kila shati kabla halijafika kwake.

"Mnakagua sasa? Si tukague mwisho?" Mkasi aliuliza.

"Shati bovu likipita kwa Shangazi limekula dakika zake bure," mkaza mwana alijibu. "Dakika ya kwako, baba, tunaweza kuifidia. Dakika ikipotea kwake, imepotea kwa nyumba nzima."

Kitindamimba aliacha kupiga pasi kivuli. Alihamia kwenye vifungo, sindano na uzi, na alifanya haraka kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Alisema ni kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa ana kazi ya kweli.

Na Mkasi? Alipewa mlango, duka la uzi, na chai.

Mlango aliumudu. Uzi aliuleta. Chai ilikuwa balaa.

"Mume wangu," mkewe alisema baada ya funda moja, "hii umechemsha au umeitisha tu?"

"Kunywa, mama watoto. Inatia nguvu."

"Inatia hofu."

Kufikia mchana vyumba vilikuwa na utulivu wa ajabu. Cherehani zililia, zikanyamaza, zikalia tena. Kila ziliponyamaza, Mkasi aliinuka nusu kitini. Mdomo wake ulijiandaa kuuliza nani amekufa. Halafu aliukumbuka mkasi wake uliokaa mfukoni mwa dada yake, akaketi.

Jumanne uvumilivu ulimwisha. Mkaza mwana alisikia sauti nyuma ya nyumba. Krech, krech, krech. Alitoka mbio. Alimkuta baba mkwe wake amechutama nyuma ya pipa la maji, ana mkasi mdogo wa kukatia kucha, anakata gazeti la zamani vipande vipande.

"Baba! Ni nini hicho?"

"Nanyoosha vidole tu, mwanangu," Mkasi alisema kwa aibu. "Usimwambie dada."

"Nimesikia!" Shangazi aliita kutoka ndani.

Lakini jioni walipohesabu, Shangazi alikuwa ametoa mashati ishirini na nane. Mashine ileile, miguu ileile. Alikuwa tu ameachwa afanye kazi yake.

"Konokono ameota magurudumu," alisema, akijinyoosha mgongo.

Alhamisi sindano ya mashine ya matundu ilivunjika. Tak! Nyumba nzima iligeuka kwa wakati mmoja. Zamani, hapo Shangazi angevaa viatu na kwenda dukani, na nusu ya siku ingekwenda naye. Sasa Mkasi alikuwa ameshafika, sindano ya akiba mkononi na chupa ya mafuta kwapani. Alikuwa amenunua sindano hizo Jumatatu, kimyakimya, bila kuambiwa. Mashine ikalia tena kabla chai haijapoa.

Mkaza mwana alimtazama. "Baba, nani amekufundisha kuweka akiba hapa?"

"Wewe hukusema hapa ndipo nyumba nzima inapopita?" Mkasi alijibu, akajifuta mikono. "Basi mimi ni mlinzi wa mlango."

Jumamosi ilifika. Metroni hakungoja saa sita. Alikuja mapema, uso umekaza, simu mkononi, namba ya kiwanda kikubwa tayari kwenye kioo. Barabarani alisimama kusikiliza. Wiki iliyopita nyumba ilikuwa inanguruma. Leo, kimya kabisa.

Aliingia. Meza ya kukatia ilikuwa tupu. Sakafu ilikuwa tupu. Cherehani zote zimenyamaza. Na katikati ya chumba, chini ya kibao chekundu, Fundi Mkasi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, mguu juu ya mguu, anakunywa chai.

"Fundi!" Sauti ya metroni ilipasuka. "Umekaa?"

"Nimekaa, metroni."

"Nafungua hospitali Jumatatu, na wewe umekaa? Mmekata tamaa?"

"Tungekata nini, metroni? Mkasi wenyewe sina." Mkasi aliweka kikombe chini. "Dada! Mgeni wako!"

Mlango wa chumba cha pili ulifunguka. Shangazi alitoka mbele, kifua juu, kama anayeongoza gwaride. Nyuma yake mkewe Mkasi, wanawe, kitindamimba na mkaza mwana, kila mmoja na mafurushi mikononi. Madogo, ya kati, makubwa. Yamepigwa pasi, yamekunjwa, yamefungwa utepe. Waliyapanga mezani safu kwa safu hadi meza ikajaa.

Metroni alihesabu. Akahesabu tena. Akavuta shati moja kutoka katikati, akalivaa, akatia kalamu. Akainama. Akatazama chini. Hakuna kilichoanguka. Akainama upande wa pili. Halafu mama yule mrefu mwenye miwani, mbele ya watu wote, aliruka ruka papo hapo kama msichana wa shule. Kalamu ilikaa mahali pake.

"Mia na hamsini," alisema, akihema. "Na saa sita bado." Aliitazama simu yake, akaizima. "Fundi, wiki ijayo njoo tuzungumze habari ya shuka na mapazia. Leta na kiti chako, kama kukaa ndiyo siri."

Vigelegele vya mkewe Mkasi vilisikika hadi ng'ambo ya barabara, na inasemekana mtu mmoja wa kiwanda kikubwa alichungulia dirishani. Mwanawe wa pili alimkumbatia Shangazi, akambeba juu. "Nishushe, nitachelewesha watu!" Shangazi alipiga kelele, na watu wakacheka hadi machozi. Habari ya kutafuta kazi kwingine, kijana yule hakuitaja tena.

Siku chache baadaye muuzaji wa mashine alikuja, amepiga tai, ana karatasi yenye picha nzuri.

"Fundi, mashine hii inakata mara kumi ya mkono wako!"

Mkasi aliipokea picha, akaitazama kwa mapenzi. Kisha akauliza, "Ikishakata, nguo zinakwenda wapi?"

Muuzaji alichungulia nyuma ya karatasi, kana kwamba jibu limeandikwa huko. Mkasi akamwonea huruma, akamtengenezea chai. Mtu yule hajarudi hadi leo, na haijulikani kama ni kwa sababu ya swali au ya chai.

Akiba ile ilinunua mashine ya pili ya matundu. Mwanawe wa pili aliikalia, akafundishwa na Shangazi. Haikupita wiki, sauti ilitoka kwenye meza ya pasi.

"Baba! Rundo limehamia kwangu!"

"Limehama?" Mkasi alicheka. "Ndivyo linavyofanya, lina miguu. Ngoja nije nikukunjie. Nikuletee na chai?"

"Njoo wewe, baba! Chai iache!"

Kibao chekundu alikishusha mwenyewe. Alipaka rangi nyeupe, akaandika upya: RUNDO LIKO WAPI? Wateja wapya huuliza maana yake, na yeye huwaeleza kirefu, hadi mkewe amwite.

Asubuhi za nyumba ile sasa huanza kwa utulivu. Mkasi hunywa chai ya mkewe, hupaka mashine mafuta, hukagua sindano za akiba. Halafu husubiri. Macho yake hayaondoki kwenye mlango wa chumba cha pili. Washonaji humaliza vipande vyao, mmoja baada ya mwingine. Kikapu hupungua. Mwisho Shangazi hutokea mlangoni, hutia mkono kwenye mfuko wa aproni, humnyooshea kitu kinachong'aa.

"Haya, mdogo wangu. Kata."

Na hapo, jamani, ndipo utakapomwona akiwa na haraka.